Kabla ya kumwaga lami ya pili, chimba uone kilicho chini ya ile ya kwanza

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili. La kwanza ni kwa nini lami ya njia ya gari nyumbani kwako imepasuka vipande vidogo vidogo ndani ya miezi minane, na kama fundi wako anasema kweli anapodai kwamba dawa yake ni kumwaga tabaka jingine juu. La pili ni unene wa lami unaofaa kwa maegesho ya jengo la biashara unalotarajia kuanza. Nimefanya kazi ya lami kwa miaka 19, tangu nikishika reki nyuma ya mashine ya kutandaza hadi kusimamia kikosi, na nitakujibu kwa niliyoyaona kazini. Kuhusu la kwanza, usimwage chochote kabla hujachimba.

Nyufa ulizozieleza, zinazoungana kama magamba ya mamba na kujitokeza pale pale magurudumu yanapopita, hazitokani na ubovu wa lami peke yake. Zinaonyesha kwamba ardhi iliyo chini hubonyea kila gari linapopita, na lami, kwa wembamba wake, hupinda na kurudi, hupinda na kurudi, mpaka ikachoka. Lami iliyochakaa kwa jua na umri hupasuka kwa nyufa ndefu zilizotawanyika, ambazo hazichagui njia ya magurudumu. Ukiongeza sentimita 3 juu ya ardhi inayobonyea, uso mpya utapendeza kwa muda, kisha nyufa za chini zitapanda na kutokea mahali pale pale. Kata mraba wa nusu mita kwa nusu mita mahali palipoharibika zaidi, ondoa lami, pima unene wa kokoto kwa futikamba, kisha ushike udongo ulio chini yake. Ukikuta udongo umelowa na unafinyangika mkononi, huku kokoto zikiwa zimezama ndani yake, hapo tatizo umelishika, na hakuna lami ya juu itakayoliondoa.

Wengi hudhani lami ndiyo inayobeba gari. Kwenye njia ya nyumbani, sehemu kubwa ya mzigo hubebwa na tabaka la kokoto na ardhi iliyoshindiliwa, na lami hulifunika tabaka hilo lisilowe wala kutawanyika. Kwa magari madogo mimi hutaka kokoto za unene wa milimita 150 baada ya kushindiliwa, na juu yake lami ya milimita 50 hadi 75, nayo pia ipimwe ikiwa imeshashindiliwa. Kokoto hizo ziwe za ukubwa mchanganyiko, kuanzia zile kubwa hadi vumbi lake, kwa sababu ndogo hujaza mapengo ya kubwa na zote zikashikana. Kokoto za ukubwa mmoja hutelezana chini ya rola na hazitulii. Udongo ukiwa wa mfinyanzi, ongeza unene na utandike kitambaa maalumu cha kutenganisha udongo na kokoto, la sivyo tope litapanda na kokoto zitazama.

Kabla ya kuruhusu lami ishushwe, huomba tipa lililojaa kifusi lipite polepole juu ya kokoto zilizoshindiliwa, nami hutembea kando ya gurudumu la nyuma nikiwa nimeinama. Mahali pazuri hapatikisiki. Mahali pabovu, ardhi huinuka kidogo mbele ya tairi na kushuka nyuma yake, kama godoro linalokanyagwa, na ukiweka kiganja chini unaihisi ikisogea. Hapo napiga alama ya chokaa, tunachimba, tunatoa udongo mbovu na kujaza upya. Mara moja tu niliruhusu sehemu kama hiyo ipite, isiyozidi mita 3 kwa mita 2, katika maegesho ya ghala, kwa sababu malori ya lami yalikuwa yamekwisha kufika na lami ya moto haisubiri. Baada ya msimu mmoja wa mvua sehemu ile ilizama, maji yakaingia kupitia nyufa na kulainisha ardhi ya jirani, na tulipokuja kuitengeneza tulichimba eneo kubwa zaidi ya mara nne. Uamuzi ulikuwa wangu, na mwenye ghala alikuwa na haki ya kukasirika.

Maji ndiyo adui mkubwa kuliko uzito wa gari. Mteremko unaofaa ni asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na ukuta wa nyumba na kuishia kwenye mtaro ulio wazi. Chini ya asilimia 1 madimbwi hayaepukiki, kwa kuwa hakuna kikosi kinachoweza kutandaza uso ulionyooka kabisa. Fundi akikuambia mteremko atausawazisha kwa lami, mkatalie. Mteremko huwekwa kwenye kokoto, ili lami iwe na unene ule ule kila mahali.

Siku ya kumwaga, simama karibu uangalie joto. Mchanganyiko hutoka kiwandani ukiwa na joto la nyuzi 150 hivi za selsiasi, hufunikwa kwa turubai njiani, na kazi kubwa ya kushindilia inapaswa kukamilika kabla haujashuka hadi nyuzi 80 hivi, maana chini ya hapo rola hupita juu bila kubana chochote. Tabaka jembamba hupoa haraka sana, hasa upepo ukivuma, ndiyo sababu naogopa lami ya milimita 25 hata kama mteja anaipenda kwa unafuu wake. Lami isiyobanwa vizuri hubaki na matundu ya hewa; yakizidi asilimia 8 hivi ya ujazo wake, huanza kuungana na kupitisha maji. Ukiona moshi wa buluu unapanda kutoka kwenye mzigo, lami imechomwa kupita kiasi. Ukiona mtu anarusha kwa beleshi mabaki yaliyopoa juu ya uso uliokwisha kutandazwa, mzuie, kwa kuwa hapo ndipo kokoto zitakapoanza kung'oka.

Kwa unene, tumia hesabu, usitegemee maneno. Lami ikishindiliwa hupungua kwa takriban moja ya tano, kwa hiyo milimita 50 za mwisho zinahitaji milimita 63 hivi zikiwa bado zimelegea. Mita moja ya ujazo ya lami iliyoshindiliwa ina uzito wa tani 2.4 hivi. Eneo la mita za mraba 100 kwa unene wa milimita 50 ni mita 5 za ujazo, sawa na tani 12. Omba stakabadhi za mizani za kila lori na uzijumlishe. Zikionyesha tani 7, umepewa chini ya milimita 30, hata uso ung'ae vipi.

Sasa maegesho ya biashara. Usihesabu magari madogo, hesabu malori. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika karibu na Ottawa, Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaounganisha magurudumu ya kushoto na kulia. Kwa kanuni hiyo, ekseli ya tani 8 huumiza njia kiasi cha mara 4,000 kuliko ekseli ya tani 1. Lori moja la taka linalokuja kila wiki ndilo litakaloamua uhai wa maegesho yako, kuliko mamia ya magari ya wateja. Kwa hiyo ligawe eneo: pa kuegesha magari madogo, lami ya milimita 75 juu ya kokoto za milimita 150 hadi 200, kwenye njia ya malori, lami ya milimita 100 hadi 125 kwa matabaka mawili, juu ya kokoto zisizopungua milimita 200. Kati ya matabaka hayo hupuliziwa lami nyepesi iliyochanganywa na maji ili yashikane; ina rangi ya kahawia inapopuliziwa, na tabaka la juu halitandazwi mpaka igeuke nyeusi. Mbele ya mapipa ya taka weka zege lenye nondo badala ya lami, na liwe refu kiasi cha kubeba hata magurudumu ya mbele ya lori linapoinua pipa, kwa sababu uzito mwingi huelemea mbele wakati huo.

Kazi ikiisha, zuia magari kwa siku 2 au 3, na kwa miezi ya mwanzo usizungushe usukani gari likiwa limesimama, wala usiweke jeki bila ubao chini yake. Dizeli na oili huyeyusha lami, kwa hiyo zifute zikiwa bado mbichi.

Kuhusu nyumbani kwako, mlipe fundi kwa kuchimba huo mraba tu kwa sasa, kisha utuwekee hapa picha ya ukuta wa shimo ukiwa na futikamba kando yake. Kokoto zikiwa na unene wa kutosha na udongo ukiwa mkavu mahali pengine pote, huenda ukahitaji kubomoa njia za magurudumu tu.