Idadi ya mbegu za kiume ni nzuri, mwendo ni mdogo
Pole, ndugu yangu, kwa majibu ya kipimo chako cha manii, wakati wewe na mkeo mnatafuta mtoto. Mbegu milioni 20 kwa mililita si mbaya, Shirika la Afya Duniani (WHO) wanaanzia milioni 16. Shida ni mwendo: zinazosogea kwako ni asilimia 18, inatakiwa angalau 42. Hiyo MDA (malondialdehyde) uliyoambiwa upime ni mabaki ya mafuta ya utando wa mbegu yaliyoharibiwa na kemikali za oksijeni. Usiikimbilie. Rudia kwanza kipimo cha kawaida cha manii, ukae siku 2 hadi 7 bila kumwaga manii kabla ya kupima. Mimi niliacha sigara, nikarudia baada ya miezi mitatu, maana mbegu huchukua takriban siku 74 kukomaa. Vidonge vya vitamini E, vinavyotumiwa kupambana na kemikali hizo za oksijeni, usijinunulie kiholela. Ukigusa juu ya korodani ukakuta mishipa imevimba kama furushi la minyoo, muone daktari wa mfumo wa mkojo mapema. Mkeo naye apimwe sasa, asisubiri.