Kabla hujaenda semina ya viongozi rika, soma hii kwanza

Kila muhula mpya ukianza hapa Mombasa naona matangazo yale yale kwenye magrupu ya vyuo, semina ya uongozi kwa waelimishaji rika, yaani wanafunzi wanaofunzwa kuwasaidia wenzao, cheti utapewa, lanchi iko, nauli utarudishiwa, na vijana wanajiandikisha kwa wingi. Vizuri sana, nawapongeza. Mimi nimepitia njia hiyo nikiwa mwanafunzi na saa hizi nasaidia kuendesha mafunzo kama hayo, kwa hivo nikwambie tu wazi: semina nyingi zinakufunza kuongea, kusimama mbele za watu, kushika maiki, kuendesha mkutano, alafu ukiingia kazini unakuta muda mwingi unatakiwa unyamaze umsikilize mtu na ujue ni nani wa kumpelekea.

Manake mwenzio haji na barua. Anakuja saa nne usiku anagonga mlango wa hosteli ati anaomba chaja, ushampa chaja na bado amesimama pale pale mlangoni, basi jua ana neno. Mara mkopo wa masomo wa HELB haujaingia na karo inadaiwa, mara ni mimba, mara muguka, yale majani ya kutafuna, umemshika hata darasani haingii, mara nyumbani Kwale hawajui kwamba aliacha kufanya mitihani tangu muhula uliopita na kila akivuka feri kwenda kuwaona anawaambia masomo yako sawa. Sasa mtu kama huyo ukimwanzia na "jipe moyo, Mungu yupo" ushamfunga mdomo. Mungu yupo ndio, lakini yeye alikuja kueleza na hujamwacha aeleze.

Kuna zoezi moja nalipenda kuliko yote. Mnakaa wawili wawili mkitazamana, mmoja anaeleza jambo linalomsumbua kweli, dogo tu, dakika 5, na mwenzake haruhusiwi kutoa ushauri hata kidogo, anaweza kuuliza na kurudia alichosikia basi. Uone watu wanavyohangaika! Dakika ya kwanza haijaisha mtu ashaanza "mimi ningekuwa wewe..." na wale wenye ulimi mwepesi, waliong'ara kwenye kampeni za uongozi wa wanafunzi, ndo wanaopata shida zaidi. Kisha mnabadilishana. Wengi wakitoka hapo wanasema hawakumbuki mara ya mwisho mtu aliwasikiliza bila kuwakatiza. Kama semina unayoenda haina mazoezi ya namna hii, ni mtu anasoma slaidi tangu asubuhi mpaka chai ya mahamri, uliza kwa adabu mbona.

Jambo la pili ni kubwa na watu wanaliogopa. Mwenzio akikwambia amechoka na maisha, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi wanadhani ukilitaja ndo umempa wazo, sivyo, wataalamu wa afya ya akili washalisema hili miaka mingi, kuuliza hakumsukumi mtu, mara nyingi kunampa nafuu kwamba hatimaye kuna mtu ameona. Usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari karibu yake, na mwite mshauri wa chuo au mumpeleke hospitali usiku huo huo. Na usinyamaze eti atashtakiwa. Ni kweli kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba.

Aliyebakwa naye saa zinahesabika. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, ile PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72 na kadiri anavyowahi ndo bora, ya kuzuia mimba ni ndani ya saa 120. Asioge kwanza, nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi sio wa plastiki, na aende Coast General, ile wazee wetu wanaita Makadara, au hospitali ya serikali iliyo karibu. Namba 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni ya bure na inapokea usiku na mchana. Hospitali kwanza, mambo ya polisi ataamua akishatibiwa, na aamue yeye, sio wewe kiongozi.

Siri nayo. Usimwahidi mtu kwamba hutamwambia yeyote kabisa, mwambie mapema, "nitaitunza siri yako isipokuwa maisha yako au ya mwengine yakiwa hatarini". Meseji zake usizipige skrinshoti hata kama unataka ushauri kwa viongozi wenzio, uliza bila jina, bila kozi, bila hosteli, manake Mombasa hii ni ndogo, ukisema "msichana wa mwaka wa pili anatoka Mtwapa" washamjua.

Alafu wewe mwenyewe unayesikiliza. Ukibeba ya watu kumi na hakuna anayekuuliza umelalaje, utaanza kukwepa simu na kuwakasirikia watu waliokujia na shida. Hapa naona vyuo vingi vinawaonea vijana, mafunzo siku chache, picha, cheti, kisha wanaachwa peke yao. Kiongozi rika anahitaji kukutana na mshauri wa kweli, aliyesomea, angalau kila mwezi, ayatue. Kama chuoni kwenu hakuna mpango huo msiende mmoja mmoja, jikusanyeni mwende kwa mkuu wa wanafunzi, yule dean wa chuo, mwombe mtu mmoja wa kuwasimamia na namba yake ya simu inayoshikwa hata usiku, na hilo mliombe kabla ya tisheti.