Madini ya chuma na kalsiamu baada ya bypass ya tumbo
Dada, umeuliza kama unaweza kumeza vidonge vya chuma na vya kalsiamu kwa wakati mmoja baada ya bypass, yaani upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito. Hapana, usivimeze pamoja. Acha angalau saa 2 katikati, kwa sababu kalsiamu huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Na baada ya bypass chakula hakipiti tena mwanzo wa utumbo mwembamba, ambako chuma hufyonzwa kwa wingi, halafu asidi ya tumbo nayo imepungua. Mimi humeza changu asubuhi kwa juisi ya chungwa. Chai naisogeza mbali, maana nayo huzuia. Mwanamke anayepata hedhi hushauriwa miligramu 45 hadi 60 za chuma halisi (chuma chenyewe kilichomo, siyo uzito wa kidonge kizima) kwa siku. Omba upimwe feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, siyo hemoglobini (wingi wa damu) peke yake: akiba huisha kabla damu haijapungua. Vidonge visipoipandisha feritini, muulize daktari kuhusu chuma cha kuwekewa kwenye mshipa.