Wonder Woman alitungwa makusudi awe mfano kwa wasichana

Kuna wanaodai Wonder Woman, yule shujaa wa kike wa vitabu vya katuni vya Marekani, alikuwa pambo la kuvutia wanaume tu halafu wanawake ndo wakaja kumpa maana baadaye. Hapana, si kweli. Aliyemtunga, William Moulton Marston, alikuwa mwanasaikolojia, na mwaka 1943 aliandika wazi kabisa kwamba hata wasichana wenyewe hawatatamani kuwa wasichana kama kila mwanamke wanayeonyeshwa hana nguvu wala uwezo. Mhusika mwenyewe alitoka 1941, na Gloria Steinem, mwanaharakati wa haki za wanawake wa Marekani, alikuwa akimsoma utotoni, ndo maana 1972 jarida lake la Ms. likamweka kwenye kava, hiyo haikuwa bahati mbaya.

Ila msimsafishe kupita kiasi. 1942 alipoingizwa kwenye timu ya mashujaa walimpa kazi ya usekretari, yaani mwenye nguvu kuliko wengi wao anaandika minitsi! Na mavazi yamelalamikiwa mpaka leo, Umoja wa Mataifa walimfanya balozi wa heshima wa wanawake na wasichana Oktoba 2016, wafanyakazi wao wenyewe wakapinga, Desemba hiyohiyo ubalozi huo ukaisha.

Kwa binti mdogo anayetafuta shujaa wa katuni wa kumwiga, mi ningeanza na Kamala Khan, yule shujaa aitwaye Ms. Marvel wa 2014, ni tineja Mwislamu wa Jersey City, Marekani, mwenye asili ya Pakistan, vazi lake linamsitiri, anabishana na wazazi na bado anaokoa watu, mtoto anajiona pale moja kwa moja.