Vifaa vikuukuu, vikongwe au vya kale?

SWALI: Shuleni kwetu tumepanga kabatini theodolaiti ya shaba, yaani kifaa cha kupimia pembe, na mnyororo wa kupimia ardhi, vyote vilivyowahi kutumika katika vipindi vya fizikia. Kibao nimeandika "Vifaa vikuukuu vya upimaji". Mwenzangu anasema nimevitukana. Ni kweli? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwenzako ana hoja, Mwalimu. Kuukuu hutaja uchakavu zaidi ya umri. Kanga ya mwaka jana iliyopauka kwa kufuliwa ni kuukuu. Theodolaiti ya tangu enzi za babu, ambayo digrii zilizochongwa kwenye duara lake bado zinasomeka, si kuukuu hata kidogo.

Wengi hukimbilia "vya zamani". Si kosa, ila pana mtego: mkuu wa zamani ni yule aliyeachia kiti, na maabara ya zamani ni ile mliyoihama. Msomaji atadhani mmenunua vingine. Nayo -kongwe hupendeza kwa kilichodumu na bado kimo katika shughuli zake, kama chama kikongwe au Mji Mkongwe wa Unguja. Vyenu vimeshapumzishwa. Chukua -a kale, kama inavyojiita Idara ya Mambo ya Kale.

Hapo sasa chunga upatanisho, maana ndipo wengi huteleza. "Vifaa vya kale vya upimaji ardhi": vifaa ndivyo vya kale. "Vifaa vya upimaji wa kale": ukale umehamia kwenye upimaji wenyewe. Mnyororo unaikubali kauli hiyo ya pili. Kama ni ule wa Edmund Gunter, wa tangu 1620, una vipande 100 vya waya vilivyoungwa kwa pete, urefu wake futi 66, yaani takribani mita 20.12, na kupima kwa namna hiyo kumeachwa. Theodolaiti inaikataa: kupima pembe bado ni kazi ya kila siku ya wapima ardhi, ingawa kwa vifaa vya kielektroniki.

Basi andika: "Vifaa vya kale vya upimaji ardhi vilivyotumika kufundishia fizikia". Usiandike "kufundisha"; anayefundisha ni mwalimu, kifaa ni cha kufundishia. Na ukiona skeli fupi kando ya duara la theodolaiti, itaje kwenye kibao: ni vernia, ileile wanafunzi wako wanayoisoma kwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia unene wa vitu vidogo, yenye jina la Pierre Vernier aliyeieleza mwaka 1631.