Dada, funguo za nyumba ya mama usizirudishe

Usisaini hiyo fomu ya makao ya wazee. Mengine baadaye.

Umeandika kwamba mama yako ana miaka 81, alikuwa anajipikia na kujilipia bili zake mwenyewe, na tangu Jumatatu anaongea na marehemu baba yenu, usiku halali, mchana anasinzia kwenye kiti. Mshauri wa huduma za wazee mliyempigia amesema huo ni uzee, ameshawapatia chumba kwenye makao ya wazee na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Ukaongeza maswali kuhusu posho na kugawana zamu na kaka zako. Nimesoma tumbo likanikata, kwa sababu haya yametupata sisi miaka minne iliyopita, tena kwa mpangilio huohuo.

Rudia kusoma ulichoandika mwenyewe: tangu Jumatatu. Ugonjwa wa kusahau, demensia, kwa kawaida hunyemelea kwa miezi na miaka. Mtu anayebadilika ndani ya siku mbili tatu, asubuhi ana nafuu, jioni hakujui, huyo ni mgonjwa. Madaktari wanauita mkanganyiko huo deliriamu, na mara nyingi nyuma yake kuna kitu kinachotibika: maambukizi ya mkojo au ya mapafu, kukaukiwa maji, choo kigumu, maumivu, sukari kushuka, chumvi ya mwilini kuvurugika, dawa mpya. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa yoyote, dalili ya kwanza ikawa ni hayo maneno yasiyoeleweka.

Sisi hakuna aliyetuambia. Mama alikuwa na miaka 78. Alianza kwa kukunja shuka, analikunjua, analikunja tena. Siku ya pili nikamkuta anachuma kitu hewani kwa vidole viwili, taratibu, kama anayetoa uzi kwenye tundu la sindano. Nikampigia mshauri. Alikuja na fomu ya kurasa sita, akamuuliza mama huu ni mwaka gani, mama akataja mwaka niliozaliwa mimi. Mshauri akaandika "hawezi kuishi peke yake", akageuza ukurasa. Katika kurasa zote sita hapakuwa na swali la hali hii imeanza lini! Baadaye sana ndipo tulipojua kwamba makao yale yalikuwa yanamlipa kwa kila mzee anayempeleka. Bado nina hasira naye na sitaficha. Alikaa kwenye kochi la mama yangu, akanishika mkono, akaniambia nisijilaumu, na muda wote huo kulikuwa na mgonjwa chumba cha pili ambaye hakuna aliyempima hata joto.

Tulimhamisha siku ya nne. Siku ya sita tukarudisha funguo za nyumba aliyopanga kwa miaka 22, vyombo tukagawana.

Siku ya tisa muuguzi wa makao, yeye ndiye namshukuru mpaka leo, akaona mama hakojoi vizuri. Akaita daktari na kutuagiza tulete dawa zote anazotumia. Daktari aliumwaga ule mfuko mezani: dawa 11. Akazipanga mstari, akatenga mbili. Moja ya mafua, kaka alimnunulia. Nyingine ya usingizi, nilimnunulia mimi. Zote mbili zilikuwa na difenhidramini ndani, majina tofauti kwenye boksi, kitu kilekile. Dawa hiyo huzuia kemikali ambayo ubongo unaitegemea kwa umakini na kumbukumbu, inaweza kuzuia mkojo kutoka, na kwenye mwili wa mzee hukawia kuisha. Juu yake kulikuwa na maambukizi ya mkojo. Zile mbili zikasimamishwa, akaanza antibayotiki. Wiki ya tatu daktari akamwambia ataje miezi kinyumenyume. Desemba, Novemba, Oktoba, akafika Januari bila kukwama. Kisha akanigeukia, akaniuliza, "Mimi nimehama lini?"

Nyumba ilikuwa imeshapata mpangaji mwingine.

Kwa hiyo mpeleke mama hospitali leo, si Ijumaa. Kama mdomo umepinda, mkono umelegea au ulimi mzito, hata usimalizie kusoma, piga simu ya dharura, inaweza kuwa kiharusi. Ukifika usiseme "mama amezeeka, anasahau". Sema: "Wiki mbili zilizopita alikuwa anajilipia bili, tangu Jumatatu amebadilika." Daktari hamjui mama yako wa wiki mbili zilizopita, wewe unamjua. Beba kila dawa, hata matone ya macho, hata za mitishamba, hata za kununua bila cheti. Zile za daktari usizikatishe mwenyewe, zipo zinazodhuru zikikatwa ghafla. Miwani yake na kifaa cha masikio, kama anacho, mvalishe hukohuko. Asiyeona wala kusikia huchanganyikiwa zaidi. Na huko kusinzia mchana msikuone ni nafuu. Mzee aliyetulia kimya ndiye husahaulika kirahisi kuliko anayepiga kelele.

Simsemi vibaya kila mshauri. Wapo wazuri, wanaotoa ushauri bure na kukaa na mzee mwenyewe wakamsikiliza. Huyo wenu muulize mambo mawili tu: nani anakulipa, na kwa nini hukuuliza ilianza lini. Kama kweli hamna wa kukaa naye, ombeni nafasi ya muda, wiki chache, kwa maandishi kwamba ni ya muda. Nyumba yake endeleeni kuilipia. Akili inaweza kuchukua wiki, hata miezi, kutulia, na wapo wasiorudi kama walivyokuwa. Hata ikiwa hivyo, uamuzi utafanyika akiwa ametibiwa, naye yumo chumbani anasema anachotaka.

Ya posho na zamu tutayaongea akishaonwa. Ukitoka huko andika hapa daktari amesema nini, hata ikiwa saa nane ya usiku.