Maswali ya Wasomaji: Askari aliyekatwa mguu, tumchangie nini?

SWALI: Kikundi chetu cha kina mama hapa Morogoro kimechanga fedha kwa ajili ya askari wa mtaani kwetu aliyekatwa mguu chini ya goti. Kidonda kimefunga. Ndugu aliye Ujerumani ametutumia mguu wa bandia uliokwisha kutumika. Tumkabidhi?

JIBU: Hongereni kina mama, lakini huo msimpe. Soketi, yaani sehemu ya mguu wa bandia inayovishwa kwenye kigutu (kipande cha mguu kilichobaki), hutengenezwa kwa umbo la mtu mmoja. Akivaa ya mwenzake, uzito huangukia penye mfupa, ngozi huchubuka, na kidonda kimoja chaweza kumzuia kutembea kwa wiki kadhaa. Upelekeni karakana ya viungo bandia. Huenda fundi akapata humo wayo au bomba la kutumia.

Kwa sasa mnunulieni bendeji za kuvutika za kufungia kigutu kisivimbe, za upana wa sentimita 10, za kutosha nyingine zifuliwe. Hufungwa kwa mtindo wa namba nane, zikikaza nchani na kulegea kadiri zinavyopanda, na hufungwa upya kila baada ya saa 4 hadi 6. Wengi huzungusha duara na kukaza juu. Hapo kigutu huvimba nchani. Kosa jingine hutokana na huruma: kumwekea mto chini ya goti. Goti likizoea kujikunja halinyooki tena, na kutembea na mguu wa bandia huwa shida kubwa.

Fedha msizimalize zote kwenye mguu wa kwanza. Hapa ndipo michango mingi huharibika. Kigutu hunywea sana katika mwaka wa kwanza, soketi ikalegea. Mwanzoni huongezewa soksi za kigutu. Zikirundikana na bado kigutu kinadidimia ndani ya soketi, anahitaji soketi mpya. Baadaye mguu hubadilishwa kwa kawaida kila miaka 3 hadi 5.

Familia iulize kwanza kikosini na Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo gharama zipi zinalipwa. Ninyi zibeni pengo: nauli yake na ya mkewe, malazi wakipangiwa kwenda mbali kama hospitali ya KCMC Moshi, soksi za kigutu, mipira ya kuvisha nchani mwa magongo ya kutembelea. Mkewe afundishwe kukagua kigutu kila jioni. Alama nyekundu isiyofifia dakika 10 baada ya kuvua mguu, arudi kwa fundi kabla ngozi haijachanika. Nauli ya safari hiyo iwekwe akiba tangu sasa.